MTOTO ASIYEONA UBAO
Mafundisho kwa walimu na wazazi juu ya macho na nyumba ya masomo

Siku moja mwalimu mmoja alifika hospitalini kwetu kwa baiskeli, na nyuma yake ameketi msichana wa miaka kumi na mmoja. Walikuwa wameondoka kwao kabla ya jogoo kuwika. Mwalimu hakuwa baba yake wala mjomba wake. Alisema hivi:

"Munganga, mtoto huyu amerudia darasa la tatu mara mbili. Baba yake anataka kumwondoa masomoni, kwa maana anasema kwamba msichana mjinga afadhali alime pamoja na mama yake. Mimi pia nilimhesabu kuwa mjinga. Lakini juma lililopita nilitoa hesabu kwa mdomo, sikuiandika ubaoni, naye akaijibu mbele ya wenzake wote. Basi nimejiuliza kama ujinga huu uko kichwani au uko machoni."

Tukamsimamisha msichana mbele ya karatasi ya herufi, mbali mita 6. Hakuona ila herufi ya juu kabisa, iliyo kubwa kama kiganja cha mtoto. Tukamwekea vioo vya kujaribia, kimoja baada ya kingine. Kwanza alinyamaza. Kisha akageuka, akamtazama mwalimu wake aliyesimama karibu na mlango, akacheka, akasema, "Kumbe mwalimu ana mvi!" Kwa miaka mitatu alikuwa amemsikia mtu huyu kila siku, lakini hakuwa ameuona uso wake vizuri.

Mwalimu hakucheka. Aliuliza neno moja: "Je, ni darasa langu lililoharibu macho yake?" Akatueleza nyumba yake ya masomo. Ni ya matofali ya udongo, na madirisha yake ni mawili tu, madogo, kwa ajili ya mvua na wezi. Watoto ni sabini na zaidi. Ubao umekuwa wa kijivu. Msichana huyu aliketi benchi la mwisho, kwa sababu ni mrefu kuliko wengine.

Swali lake ni zuri, na walimu wengi wanapaswa kuliuliza. Lakini jibu lake si la neno moja. Kwanza tuangalie jicho lenyewe.

JICHO LINAFANYAJE KAZI?

Umewahi kuketi mchana ndani ya nyumba yenye giza, na ukutani kuna tundu dogo? Ukitazama ukuta wa pili, pengine utaona picha ya watu wanaopita nje, nao wanakwenda kichwa chini. Jicho ni nyumba ya namna hiyo. Ni duara kama mpira mdogo. Mbele kuna dirisha linalong'aa, katikati kuna tundu jeusi tunaloliita mboni, na nyuma ya mboni kuna kioo laini kinachokusanya mwanga. Ukuta wa nyuma umefunikwa kwa ngozi nyembamba sana inayopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa.

Mtoto mchanga anazaliwa na jicho lenye urefu wa milimita 17 hivi, toka mbele hata nyuma. Mtu mzima ana milimita 24 hivi. Basi jicho linakua pamoja na mtoto, na kukua kwake kunataka kipimo kizuri sana, maana picha inapaswa kuangukia ule ukuta wa nyuma kamili, wala si mbele yake wala si nyuma yake. Muumba amelipangia jicho kipimo hiki, nalo kwa watoto wengi linakifuata. Lakini si kwa wote.

Jicho likirefuka kupita kiasi, picha ya vitu vya mbali inaanguka kabla ya kufika ukutani, nayo inakuwa na ukungu. Vitu vya karibu mtoto anaviona vizuri. Huu ndio ugonjwa wa kutoona mbali. Ajabu ni hii: milimita moja tu ikizidi, mtoto haoni tena vizuri kitu chochote kilicho mbali kupita sentimita 40 hivi, yaani kama urefu wa mkono wake toka kiwiko hata ncha za vidole. Zaidi ya hapo yote ni ukungu. Atasoma kitabu, atashona, atachambua maharage, na mama yake atasema, "Macho yake ni mazima, anaokota hata jiwe dogo." Ni kweli, anaokota jiwe. Lakini ubao haujui.

Kuna watoto wengine ambao jicho lao ni fupi. Hao wanakaza macho siku nzima ili kuona karibu, na saa za mchana kichwa kinawauma. Wengine dirisha la mbele la jicho halikuviringana sawasawa, ni kama yai, na herufi zinakuwa na kivuli. Hao wote si vipofu. Miwani inawasaidia.

JE, GIZA LA DARASA LINAHARIBU MACHO?

Wazee wengi wanasema, "Ukisoma gizani utapofuka." Sivyo. Mtu akisoma mahali penye mwanga kidogo, macho yanachoka, yanatoa machozi, kichwa kinauma. Akilala usiku, asubuhi macho yake ni kama jana. Ni kama miguu ya mtu aliyepanda mlima na mzigo: inauma, lakini haijavunjika.

Hata hivyo msiseme, "Basi giza ni neno dogo." Darasa lenye giza linafanya ubaya wa namna nyingine, nao ni mkubwa. Linaficha ugonjwa, tena linauzidisha. Mahali penye mwanga mwingi mboni inakuwa ndogo, na kwa mboni ndogo hata jicho lenye kasoro linaona afadhali. (Ndiyo sababu mtoto asiyeona mbali anafinya macho: anajitengenezea tundu dogo.) Mahali penye giza mboni inafunguka, na ule ukungu unaongezeka. Mtoto mwenye kasoro ndogo angeweza kusoma ubao chini ya mwembe, lakini ndani ya nyumba yenye giza anashindwa. Naye hajui kwamba wenzake wanaona. Anadhani kwamba ubao ni hivyo kwa watu wote, na kwamba wenzake wana akili ya kukisia kuliko yeye. Hatamwambia mwalimu neno. Atanakili daftari la jirani yake, na jirani akikosa naye atakosa. Kisha atapigwa kwa wizi.

Habari hii watu wamekuwa wakiitafuta zamani. Katika mwaka 1867 munganga mmoja wa macho, Hermann Cohn, wa mji wa Breslau (leo mji huu unaitwa Wrocław, katika Poland), alitangaza kwamba amepima macho ya wanafunzi 10,060. Katika masomo ya vijijini aliona wasioona mbali 1 au 2 tu kati ya watoto 100. Katika masomo makubwa ya mjini aliona kupita robo ya wanafunzi wote. Kadiri walivyopanda madarasa, ndivyo walivyozidi. Akasema kwamba kosa ni la madarasa yenye giza na la viti na meza vibaya. Watu wa Ulaya wakapanua madirisha na kubadili meza.

Cohn aliona kweli kwamba masomo na jicho refu huenda pamoja. Lakini sababu hakuimaliza. Leo katika miji mikubwa ya Uchina, Taiwan, Korea na Singapore madarasa yana taa za umeme na meza nzuri, na bado vijana 8 hata 9 kati ya 10 wanaomaliza masomo hawaoni mbali. Kama sababu ingekuwa giza la darasa peke yake, hawa wangepona kwanza.

Neno jingine likajulikana. Katika mji wa Guangzhou, Uchina, toka 2010 hata 2013, waganga walichagua masomo 12. Katika sita, watoto wa darasa la kwanza walitolewa nje dakika 40 zaidi kila siku. Katika sita mengine waliendelea kama desturi. Baada ya miaka mitatu, watoto waliokuwa wameanza kutoona mbali walikuwa karibu 40 kati ya 100 kwa wale wa desturi, na 30 kati ya 100 kwa wale waliotolewa nje. Hawakupewa dawa yoyote. Walipewa mwanga wa mchana.

Waganga wanafikiri kwamba sababu ni hii. Mwanga mkali ukiingia jichoni, ile ngozi ya nyuma inatoa kitu kiitwacho dopamini, nacho kinalizuia jicho lisirefuke ovyo. Na mwanga wa nje si kama wa ndani hata kidogo. Sisi hatuoni tofauti, maana mboni inajirekebisha kwa upesi, lakini chombo cha kupimia kinaionyesha. Kipimo chake ni luksi. Kwenye jua la adhuhuri ni luksi karibu 100,000. Kivulini chini ya mti ni maelfu kadhaa. Darasa zuri lenye taa lina 300 hata 500. Darasa la udongo lenye madirisha mawili madogo laweza kushuka chini ya 100. Kwa hiyo mtoto aliye chini ya mti, hata kivulini, anapata mwanga mara nyingi kuliko mwenzake aliye ndani.

Sasa tunaweza kumjibu yule mwalimu. Mtoto wake anatembea kwa miguu kwenda masomoni, anachota maji, anachunga mbuzi, anacheza uwanjani. Jua analipata la kutosha. Inaonekana kwamba jicho lake limerefuka kwa asili ya ukoo, maana mama yake pia hawatambui watu njiani mpaka wamsalimu, na watu walikuwa wakimwita mwenye majivuno. Darasa halikuliharibu jicho. Darasa lilificha neno hili kwa miaka mitatu, na kwa miaka hiyo mitatu mtoto aliitwa mjinga.

Lakini ninyi mnaokaa Goma, Bukavu, Kisangani au Lubumbashi, mjihadhari. Mtoto wa mjini anafungiwa ndani ya lupango kwa kuogopa magari na watu wabaya, naye anaketi na simu mpaka usiku. Mpeni saa mbili nje kila siku kukiwa na mwanga, pamoja na njia ya kwenda masomoni na mapumziko. Na wewe mwalimu, usimwadhibu mtoto kwa kumnyima mapumziko. Ukitaka kumwadhibu, mpe kazi ya kufagia uwanja.

MWANGA NA UBAO

Wengine watasema, "Sisi hatuna fedha za kujenga upya." Tunajua. Mengi katika haya hayataki fedha.

Asubuhi, kabla ya watoto kuingia, nenda ukaketi benchi la mwisho, pembeni kabisa, mahali pa giza. Tazama ubao. Keti hapo dakika tano. Fanya hivyo tena saa nane mchana, na tena siku ya mvua. Walimu wengi wamefundisha miaka kumi bila kuketi hapo hata mara moja, na neno moja utakaloona huko litakufundisha kuliko ukurasa huu.

Labda utaona kwamba ubao unang'aa kama maji, na huwezi kusoma upande mmoja. Hiyo ni kwa sababu dirisha au mlango unautazama. Ubao ukiwa wa kuhamishwa, uhamishe au uinamishe kidogo mbele. Ukiwa wa ukutani, funga kibao cha lile dirisha saa za kuandika, au waketishe watoto wa upande huo mahali pengine. Dirisha lisiwe nyuma ya ubao wala kando yake karibu, maana jicho la mtoto litapofushwa na mwanga wa dirisha naye hataona weusi wa ubao.

Labda utaona kwamba ubao umekuwa wa kijivu, na chaki haitofautiani nao. Masomo mengi ya kwetu yanajua dawa yake: watoto wanasaga makala, wanayachanganya na majimaji ya majani ya muhogo au ya viazi vitamu, wanasugua ubao siku ya Ijumaa, na Jumatatu umekauka. Kazi hii isifanywe mara moja kwa mwaka siku mkaguzi anapokuja. Ifanywe kila mwezi. Tena kitambaa cha kufutia kioshwe, maana kitambaa chenye vumbi la chaki hakifuti, kinapaka.

Kisha angalia maandiko yako mwenyewe. Mwalimu mwenye chaki chache anaandika herufi ndogo ili mengi yatoshee. Lakini kwa mtoto aliye mbali mita 8, herufi ndogo kama a au e inapaswa kuwa na urefu wa sentimita 3 hata 4, yaani upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Weka vidole vyako ubaoni na kupima. Na kila neno unaloandika, liseme kwa sauti. Neno hili ndilo kubwa kwa darasa la watoto wengi. Tangu mwaka 2019, masomo ya msingi ya Serikali yalipoanza kuwa bila malipo, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi, na hatuwezi kuwaweka watoto themanini wote mbele. Lakini wote themanini wana masikio.

Kuta za ndani zipakwe chokaa au udongo mweupe. Ukuta mweusi wa moshi na matope unameza mwanga, ukuta mweupe unaurudisha. Kateni matawi yanayofunika madirisha, lakini ule mti wa uwanjani mwuache. Kama mnaezeka bati jipya, nunueni pamoja nayo mabati mawili ya plastiki yanayopitisha mwanga, muyaweke juu ya upande wa giza. Lakini jua lisiangukie vitabu wala ubao moja kwa moja.

Wale wanaojenga nyumba mpya, wasikilize. Nchi yetu iko katikati ya dunia, na jua linachomoza na kutua karibu na mstari wa mashariki na magharibi. Basi kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi zitazame mashariki na magharibi. Hivyo mtapata mwanga bila jua kali usoni pa watoto. Kanuni ya zamani ya wajenzi ni kwamba madirisha yote pamoja yawe sehemu ya tano ya sakafu. Darasa la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48. Lidai madirisha ya mita za mraba 9 au 10. Tena mwanga mkubwa utoke mkono wa kushoto wa watoto, kwa sababu wengi wanaandika kwa mkono wa kuume, na mwanga ukitoka kuume, mkono unatia kivuli juu ya daftari. Mtoto anayeandika kwa kushoto aketi upande mwingine, wala asilazimishwe kubadili mkono.

Juu ya kitabu: umbali mzuri ni toka kiwiko cha mtoto hata vifundo vya ngumi yake. Mfundishe aweke kiwiko mezani na ngumi kwenye shavu, ajue kipimo chake. Baada ya nusu saa ya kusoma, wote wainue macho na kutazama mlima au miti ya mbali kwa muda mfupi. Usiku, taa ndogo ya kopo inatoa moshi kuliko mwanga. Taa ya nguvu ya jua ni bora, na ikiwa hamna, mtoto asome kabla jua halijatua na asubuhi akafanye kazi za nyumbani.

MWALIMU ATAJUAJE?

Mtoto mwenye macho mabaya hasemi, lakini mwili wake unasema. Anafinya macho. Anainamisha kichwa upande mmoja. Anasimama ili aone, au anatembea mpaka ubaoni. Anashika kitabu karibu na pua. Mpira ukirushwa hauoni mpaka umempiga. Na alama kubwa kuliko zote ni ile ya mwalimu wetu: anakosa yaliyoandikwa ubaoni, anajibu vizuri yaliyosemwa kwa mdomo.

Lakini usingoje alama. Wapime wote, kila mwaka masomo yanapofunguliwa mwezi wa tisa. Darasa moja linataka asubuhi moja. Fanya hivi:

Twaa karatasi ngumu nyeupe. Chora juu yake herufi E moja kwa wino mweusi kabisa. Urefu wake na upana wake ni milimita 17 na nusu, na kila mkono wake una unene wa milimita 3 na nusu, na nafasi katikati ya mikono ni hiyo hiyo. Toka nje, kivulini penye mwanga mzuri. Pima mita 6 kwa kamba, utie alama mbili chini. Mtoto asimame kwenye alama moja, wewe kwenye nyingine. Kwanza umfundishe karibu: mikono ya E ikielekea juu, naye aelekeze mkono wake juu; ikielekea kushoto, naye vivyo hivyo. Watoto wanapenda mchezo huu, hata wale wasiojua kusoma wanaufanya.

Kisha afunike jicho moja kwa kiganja, bila kulikandamiza. Geuza karatasi mara tano, kila mara kwa upande mwingine. Akionyesha sawa mara nne au tano, jicho hilo linatosha. Akishindwa, andika jina lake. Kisha jicho la pili. Usiyapime macho mawili pamoja tu, maana mtoto mwenye jicho moja zima anaweza kuishi miaka mingi bila mtu kujua kwamba la pili limelala. Na jicho lililolala linaamshwa kwa urahisi mtoto akiwa mdogo, kabla ya miaka saba au nane. Baadaye ni vigumu sana. Kwa sababu hiyo anza na darasa la kwanza, usianze na wale wa cheti.

Aliyeshindwa aketi benchi la mbele kuanzia siku hiyo hiyo, hata akiwa mrefu. Mweke pembeni mwa benchi asiwazuie wengine. Kisha waite wazazi wake, uwaambie kwa upole, si mbele ya darasa.

MACHO AMBAYO HAYANGOJI

Kuna mambo ambayo si ya miwani wala ya madirisha, nayo yanataka hospitali mara moja. Mboni nyeupe, au inayong'aa gizani kama jicho la paka: kwa mtoto mdogo huenda ni uvimbe unaoua. Jicho lililochomwa na kijiti, kalamu au jiwe la manati. Jicho jekundu lenye maumivu na lisilopenda mwanga. Mtoto anayejikwaa jioni wakati wenzake bado wanaona: huyo amekosa vitamini A, naye anataka dawa upesi, kisha chakula cha sombe, lengalenga, mapapai, maembe na mafuta ya mawese mekundu. Surua inavunja macho ya watoto kwa njia hiyo hiyo, na chanjo yake ipo.

Macho mekundu yenye matongo, ambayo watu wengi wanayaita Apolo tangu ugonjwa ule ulipoenea kutoka Ghana mwaka 1969, yanapita upesi kwenye benchi lililojaa. Mtoto abaki nyumbani mpaka apone, anawe kwa maji safi na sabuni, na kitambaa chake kisiguswe na mwingine. Msitie jichoni maziwa ya mama, mkojo, wala maji ya majani ya mfumu. Tumeona macho mengi yaliyokuja na wekundu mdogo, ambao ungepona wenyewe kwa juma moja, yakafa kwa dawa ya namna hiyo.

JUU YA MIWANI

Baba wa yule msichana alikuja baadaye, naye hakuja kwa furaha. Alisema maneno matatu ambayo tunayasikia kila juma: kwamba miwani ni ya wazee na wakubwa, kwamba itayafanya macho ya mtoto kuwa mavivu, na kwamba hakuna mtu atakayemwoa.

Neno la pili ndilo tulilolijibu kwanza. Miwani haifanyi jicho kuwa vivu. Jicho refu lina urefu wake, na kioo kinasogeza picha mpaka ukutani tu. Akivua miwani, jicho ni lile lile. Huko Uchina, katika majimbo ya Gansu na Shaanxi, watoto zaidi ya 3,000 wasioona mbali walichunguzwa, na habari zao zikatangazwa mwaka 2014. Waliopewa miwani bila malipo walipita wenzao katika mtihani wa hesabu, baada ya miezi michache tu. Walimu walikuwa wale wale, na vitabu vile vile.

Juu ya ndoa hatukubishana naye. Mwuguzi wetu, mama wa watoto watano, alivaa miwani yake mwenyewe, akamtazama, akaendelea kuandika.

Msichana alipata miwani yake. Mwanzoni wavulana walimcheka, na mwalimu akawaita waliocheka wapimwe mbele ya ile E. Mmoja wao alishindwa kwa jicho la kushoto. Huyo naye ameandikwa, na tunamngoja.

Mwenye miwani aje apimwe tena kila mwaka, maana jicho la mtoto linakua na kioo hakikui. Asinunue miwani sokoni iliyotengenezwa kwa macho ya mtu mwingine, wala asimpe ndugu yake aijaribu wiki nzima. Aioshe kwa maji safi, aipanguse kwa kitambaa laini, si kwa karatasi wala kwa pindo la shati lenye vumbi. Akilala, aiweke juu, vioo vikitazama juu, mahali ambapo kuku na watoto wadogo hawafiki.